Je, Wajua? Siku 100 na Farasi wa Porini

Je, wajua kwamba farasi humhisi nzi mmoja akitua mgongoni mwake? Nzi mmoja tu! Chini ya ngozi yake umetandazwa msuli mpana, na pale pale nzi alipotua ngozi hutetemeka, nzi akaruka. Sasa mfikirie mnyama huyo huyo, ambaye mguu wa nzi kwake ni habari, siku anapoguswa shingoni na kamba kwa mara ya kwanza maishani.

Siku hiyo ndiyo mazungumzo yetu leo. Sogea tukae. Tunakwenda magharibi ya Marekani, kwenye nyika kavu za Nevada na Wyoming, kwa farasi waitwao mustang na watu wanaowafundisha kwa subira, mpaka farasi akanyage turubai, avuke daraja la mbao na apite katikati ya miavuli bila kukurupuka.

Tuanze na jina. "Mustang" limetokana na neno la Kihispania la mnyama aliyepotea, asiye na mwenyewe. Mhispania Hernán Cortés aliposhuka Mexico mwaka 1519 alikuwa na farasi 16 tu. Baadaye Wahispania wakaleta wengine, wakazaana, wakatoroka, wakaachwa, na pori likawapokea.

Lakini shika hii: ukoo wa farasi una asili yake Amerika hiyo hiyo! Babu yao wa miaka milioni 55 iliyopita alikuwa na kimo cha mbwa mdogo, na badala ya kwato moja alikuwa na vidole vinne mguu wa mbele na vitatu mguu wa nyuma. Kisha, yapata miaka 10,000 iliyopita, farasi wakatoweka katika bara lile lote. Kwa hiyo wale 16 wa Cortés walikuwa wanarudi kwao, na hakuna hata mtu mmoja melini aliyelijua hilo.

Unauliza kama mustang ni mwitu wa kweli? Kwa damu, hapana. Farasi wa Mongolia aitwaye Przewalski ana kromosomu 66. Mustang ana 64, sawasawa na farasi wa mashindano pale Ngong, Nairobi. Kwa tabia, ndugu yangu, ni mwitu mtupu.

Na Afrika tunao farasi wa namna hii! Katika jangwa la Namib, karibu na Garub nchini Namibia, wapo farasi wanaojitafutia malisho kwenye mchanga na mawe. Ukiufuata ukoo wao unafika kwenye farasi wa enzi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Turudi Nevada. Mwaka 1950 katibu muhtasi mmoja, Velma Johnston, aliona damu ikichuruzika kutoka kwenye lori barabarani. Akalifuata, akakuta limejaa mustang waliojeruhiwa wakipelekwa kuchinjwa. Mwanamke huyo mmoja hakunyamaza tena: alipigania sheria ya 1959 iliyokataza kuwafukuza farasi kwa magari, na watoto wa shule wakaandika barua kwa maelfu mpaka sheria ya ulinzi ikatiwa saini na Rais Richard Nixon tarehe 15 Desemba 1971.

Sheria iliwaokoa, nao wakaongezeka kweli kweli! Hesabu ya 2024 iliwakuta farasi na punda wa porini zaidi ya 70,000, wakati serikali inasema ardhi ile inawatosha kama 26,000. Wengine zaidi ya 60,000 walikuwa wamekwisha kukamatwa na kutunzwa mazizini na kwenye malisho. Ndiyo maana mtu wa kawaida anaweza kumchukua mmoja akamlee, na kwa miaka mingi bei ya kuanzia imekuwa dola 125.

Unaona rahisi? Sikia masharti. Kwa farasi mzima ambaye hajafundishwa, uzio usipungue kimo cha mita 1.8, yaani kama kimo cha mtu mrefu. Na eneo lake lisipungue mita za mraba 37.

Je, wajua kwamba anapigwa chapa kwa baridi, si kwa moto? Chuma hutiwa kwenye naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha huwekwa upande wa kushoto wa shingo. Nywele zikiota tena pale huota nyeupe, kwa alama za pembe pembe zinazotaja mwaka aliozaliwa na namba yake. Anatembea na cheti cha kuzaliwa shingoni!

Sasa mashindano. Mwaka 2007 lilianza shindano liitwalo Extreme Mustang Makeover, huko Fort Worth, Texas. Mfundishaji anakabidhiwa mustang ambaye hajazoea mkono wa mtu, na kama siku 100 mkononi. Mwisho wa siku hizo wote wawili wanaingia uwanjani mbele ya umati, taa na muziki.

Siku 100! Na wajua kazi inaanzia wapi? Chini, ardhini, kwa miguu ya mtu. Tandiko linakaa stoo. Zizi lenyewe huwa la duara, upana wa kama mita 18, kwa sababu pembe ni mtego: farasi akijikuta kwenye kona anaona amekamatwa, na aliyekamatwa hupiga teke.

Jicho lake je? Ni kubwa kuliko la mnyama yeyote wa nchi kavu anayenyonyesha. Ndiyo, hata la tembo! Na kwa kuwa yamekaa pembeni mwa kichwa, macho hayo mawili humwonyesha karibu nyuzi 350 kati ya 360. Asipopaona ni pawili tu: mbele kabisa ya paji la uso, na nyuma kabisa ya mkia.

Jaribu sasa hivi kumpapasa farasi mgeni katikati ya paji la uso, kama watu wengi wanavyofanya. Mkono wako unapotea machoni mwake palepale unapokaribia kumgusa! Mfundishaji mwenye uzoefu huanzia begani, penye macho, na kama begani bado ni mbali mno, wapo wanaotumia mwanzi mrefu ili mguso wa kwanza utoke mita kadhaa.

Hapa sogea zaidi, maana hapa ndipo penye uhondo. Unajua mshahara wa farasi wa porini ni nini? Kuachwa! Sukari haijui, karoti hajawahi kuiona, na mkono wako bado ni wa kutiliwa shaka. Kitu pekee ulicho nacho ambacho anakitaka ni nafasi. Basi mfundishaji anasogea hatua moja. Farasi anainua kichwa, pua zinatanuka, misuli inakaza. Mtu anasimama hapo hapo, hasogei mbele wala nyuma, anasubiri. Dakika inapita, labda tano. Kisha sikio moja, sikio moja tu, linageuka upande wa mtu. Papo hapo mtu anarudi nyuma hatua mbili na kumpa mgongo.

Umeliona hilo? Amelipwa! Farasi ametoa sikio, akapewa nafasi. Kesho atatoa shingo. Lakini malipo lazima yaje ndani ya sekunde moja hivi. Ukichelewa kidogo, farasi ameshafanya jambo jingine, na hilo jingine ndilo ulilolilipia. Wapo watu waliomfundisha farasi kuvuta kamba kwa miaka, bila kujua, kwa kuiachia kila anapovuta.

Na sikio hilo si la mchezo: lina misuli 10, langu na lako lina 3. Hugeuka nusu duara, kila moja kivyake, na husikia sauti nyembamba ambazo wewe na mimi hatutazisikia kamwe. Ukitaka kujua akili ya farasi iko wapi, tazama masikio yameelekea wapi.

Halafu ghafla, baada ya kushtuka na kutulia, analamba midomo na kutafuna pasipo kitu mdomoni. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba wasiwasi unashuka. Wafundishaji wakiiona ile lamba-lamba husimamisha kila kitu, wakamwacha ameze somo lake. Kwangu mimi, ile nusu dakika ya ukimya ina uzuri zaidi kuliko mruko wowote wa uwanjani.

Je, wajua kwamba farasi wa kilo 400 husogezwa kwa ncha ya kidole kimoja? Ngozi inayomsikia nzi haihitaji kusukumwa. Kwa kamba ya mita 3 na nusu hivi, farasi hufundishwa kurudi nyuma, kuja, kupisha bega, na kubwa kuliko yote, kuvukisha mguu wa nyuma mbele ya mwenzake. Nguvu za kukimbia, kuruka na kupiga teke zinatoka nyuma. Miguu ya nyuma ikipishana, nguvu zile zinakatika hapo hapo, na mnyama aliyekuwa anataka kulipuka anajikuta amesimama akikutazama.

Sasa leta vikwazo! Turubai la bluu kwanza. Kwako ni kipande cha plastiki. Kwake ni shimo linalopiga kelele. Unalikunja liwe jembamba kama ukanda, analinusa, analikwaruza kwa kwato, analiruka mara tatu kama mto wenye mamba. Mara ya nne anatia mguu mmoja, na wewe unalegeza kamba. Kesho unalikunjua kidogo.

Daraja la mbao linamshtua kwa mlio wa kwato zake mwenyewe. Dimbwi la maji linamtia shaka kwa sababu hajui kina chake. Magogo? Hapo mustang anakushangaza: amekulia kwenye mawe na korongo, miguu yake inajua kujiangalia. Mwavuli ukifunguliwa, hapo ndipo pa kuomba Mungu.

Shika hii nayo: wakati mwingine kikwazo kile kile, kikigeuzwa tu, kwake ni kipya. Watafiti wa Colorado, akiwemo Temple Grandin, waliwazoesha farasi kwenye kifaa cha plastiki cha kuchezea watoto, kisha mwaka 2021 wakatoa matokeo: kifaa hicho kikigeuzwa upande mwingine, farasi waliitikia kama wanakiona kwa mara ya kwanza! Kwa hiyo akivuka daraja kwenda, usijisifu. Mvushe kurudi.

Wapo wanaosema jicho la kushoto halipelekei habari jicho la kulia. Mtafiti Evelyn Hanggi alilijaribu hilo mwaka 1999 na akaonyesha kwamba linapeleka. Hata hivyo mwavuli uliokubaliwa kushoto mara nyingi huanza upya kulia, na mfundishaji mzuri hufundisha pande zote mbili bila kunung'unika.

Unadhani hii ni elimu ya jana? Kikkuli, mfundishaji wa farasi kutoka Mitanni, aliacha mpango mzima wa mazoezi ulioandikwa kwenye vigae vya udongo. Hiyo ni karne ya 14 kabla ya Kristo, na vigae vyenyewe vilipatikana Hattusa, Uturuki ya leo.

Xenophon wa Ugiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba farasi asiendewe kwa hasira, na akiogopa kitu, mtu mwenyewe akiguse kwanza, kisha amsogeze farasi taratibu. Ni turubai lile lile, miaka 2,300 kabla ya turubai!

Na Bukefalo? Farasi aliyeletwa kuuzwa kwa talanta 13, na hakuna aliyeweza kumpanda. Mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kwamba kijana Aleksanda, aliyekuja kuitwa Mkuu, ndiye aliyegundua kinachomtisha: kivuli chake mwenyewe. Akamgeuza alielekee jua, kivuli kikaanguka nyuma, akampanda. Kabla ya yote alitazama.

Mwaka 1858 Mmarekani John Rarey aliivutia Uingereza yote alipomtuliza Cruiser, dume lililokuwa likifungwa mdomo kwa chuma kwa ukali wake. Wakamletea na mwingine amjaribu, kutoka bustani ya wanyama ya London. Nani? Punda milia wetu!

Na kwa kuwa ametajwa mnyama wa kwetu, ngoja nikueleze kwa nini Afrika Mashariki hatuna farasi wengi. Wapo mbung'o, na kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi. Unaweza kuua zaidi ya farasi 90 katika kila 100 wasio na kinga, ilhali punda milia huubeba bila kuumwa. Tena mwaka 2019 watafiti huko Uingereza waliwavika farasi makoti ya milia, na nzi wanaouma wakatua juu ya makoti hayo kwa uchache kabisa. Nzi tuliyeanza naye ameshindwa na milia!

Punda je? Kaa chini kwa hii. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wanatokana na ufugaji uliofanyika mara moja tu, huku Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Punda anayebeba mchanga kwenye vichochoro vya Lamu na punda wa porini anayelindwa na ile sheria ya 1971 kule Arizona ni ndugu wa ukoo mmoja!

Nao punda wa porini hufundishwa vikwazo vile vile, ila wana somo lao. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama. Vuta kamba uone: amepanda mizizi. Unalegeza, unangoja, anafikiri, na akishaamua anavuka kama vile wazo lilikuwa lake.

Je, wajua kwamba farasi anausoma uso wako? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walihesabu miendo 17 ya uso wa farasi mwenyewe, zaidi ya mbwa mwenye 16. Mwaka 2016 waliwaonyesha farasi picha za watu, na mbele ya uso wenye hasira mapigo ya moyo yalipanda haraka zaidi. Picha tu! Mwaka 2018 wakaongeza: farasi aliyeona picha ya mtu amekunja uso alimkumbuka alipokutana naye ana kwa ana saa kadhaa baadaye, hata kama safari hii uso ulikuwa mtulivu.

Berlin walilijua hilo kwa njia ya ajabu. Farasi aliyeitwa Hans alijibu hesabu kwa kugonga kwato, mji mzima ukashangaa. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akagundua kwamba Hans hajui hesabu: alikuwa anasoma mkazo mdogo wa mwili wa muulizaji, ambao muulizaji mwenyewe hakujua anao, na ukilegea anaacha kugonga. Watu wengine hueleza kisa hiki kama aibu ya farasi. Mimi naona ni maajabu makubwa kuliko hesabu yenyewe!

Na Norway, mwaka 2016, farasi 23 walifundishwa alama tatu: nivalishe blanketi, nivue blanketi, niache hivi hivi. Wote 23 walijifunza ndani ya siku 14! Siku ya baridi na mvua waliomba blanketi, siku ya jua wakaomba wavuliwe.

Kumbukumbu? Farasi mmoja wa Hanggi alijaribiwa somo alilojifunza miaka 10 nyuma, akalifanya. Kwa hiyo fikiri mara mbili kabla ya kumpigia kelele mustang siku ya kwanza.

Unajua namna nyingine ya kutambua kwamba amekuamini? Usingizi. Farasi husinzia amesimama, miguu ikijifunga yenyewe, lakini ule usingizi mzito wa ndoto anaupata akilala chini tu. Mustang aliyejilaza mchangani huku wewe ukizoa samadi hatua chache kutoka alipo amekupa zaidi ya alama za waamuzi.

Wengine hufika mbali. Kikosi cha bendera cha wanajeshi wa Marine wa Marekani huko Barstow, California, kilijulikana kwa kupanda mustang. Yule aliyekimbia karatasi ya plastiki akawa anapita barabarani kati ya ngoma, tarumbeta na bendera inayompiga shingoni.

Na wajua nani waliowafundisha baadhi yao? Wafungwa! Katika gereza moja la Carson City, Nevada, wapo waliofanya kazi na farasi waliotoka porini, kwa kama miezi minne, ndani ya mazizi ya gereza. Baadhi yao hawakuwahi kumgusa farasi maisha yao yote. Ikifika siku ya mnada, watu wa nje wanaingia na kukaa, na mfungwa anampitisha farasi wake mbele yao kwa hatua ndogo, kwa shoti, kisha kusimama.

Akishanunuliwa kinabaki kikwazo kimoja: tela la kumbebea. Kwa farasi ni pango lenye giza, sakafu inayolia, bila mlango wa pili. Mfungwa anashika kamba, analegeza, anangoja. Farasi ananusa, anatia mguu wa kwanza, wa pili, anaingia mwenyewe. Na mfungwa anaiweka ile kamba mkononi mwa mwenyewe mpya.